Sifuri Niliyoiandika Mwenyewe

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari huko Kilwa Masoko, nilipoanza kuupima uvimbe wa titi langu la kushoto kwa chombo cha maabara. Chombo hicho huitwa vernia kalipa. Ni chuma chenye meno mawili ambacho wanafunzi hukitumia kupima unene wa sarafu na gololi. Nilikiazima Ijumaa mchana, nikaandika jina langu, Somoe, katika daftari la vifaa, na mahali pa kueleza matumizi nikajaza "mazoezi". Sikuwa mtu wa kusema uongo. Niliona kwamba neno lile lilikuwa karibu na ukweli, na kumbe mambo yangu yote ya mwaka ule yangeharibikia palepale, karibu na ukweli.

Ninaandika sasa, dripu zimekwisha, mionzi imekwisha na nywele zimeota, kwa ajili ya mtu ambaye leo ameketi kwenye benchi la hospitali na bahasha ya picha mapajani, asielewe anachoambiwa. Sina elimu ya udaktari na sitamfundisha ugonjwa. Nataka kumweleza jinsi mtu anayeuheshimu ukweli anavyoweza kujidanganya akiwa na kalamu mkononi, kwa nia njema, mbele ya watu wanaompenda.

Uvimbe niliugundua mwishoni mwa masika, nikioga. Kilichonichanganya tangu siku ile ni kwamba haukuuma. Jino linauma, mwiba unauma, na kitu hiki ambacho kila mtu alikitaja kwa sauti ya chini kilikuwa kimetulia kama mbegu. Nilikwenda zahanati, zahanati wakanipeleka wilayani, wilaya wakanituma Dar es Salaam, na huko wakachukua kipande cha nyama kwa sindano ndefu. Majibu yalichukua wiki tatu. Katika wiki hizo nilifundisha, nilisahihisha madaftari, nilicheka na walimu wenzangu, na sikujua kama yule aliyekuwa akicheka ni mgonjwa au si mgonjwa.

Daktari aliyenipa majibu alikuwa mwanamke mfupi, mpasuaji, anayezungumza polepole kama mtu anayesoma imla. Alisema ni saratani. Akaeleza mpango: kwanza dripu sita za kemo, moja kila baada ya wiki tatu, ili uvimbe usinyae, kisha upasuaji wa kuliondoa titi, kisha mionzi. Nilizielewa hatua zote tatu. Sikuelewa kwamba zilikuwa mpango mmoja.

Mama alitoka Nyangamara kuja kunisindikiza. Ni mkulima wa korosho, mwanamke wa maneno machache, na akiogopa huacha Kiswahili na kuzungumza Kimwera peke yake. Siku ya dripu ya kwanza alizungumza Kimwera kutwa nzima.

Ugonjwa usiouma ukapata dawa inayoumiza. Baada ya dripu ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Baada ya dripu ya tatu kucha zikawa nyeusi kuanzia kwenye shina, na ugali wa muhogo, chakula nilichokulia, ukawa na ladha ya msumari. Nilikuwa na afya nilipokuwa naumwa, na nikawa mgonjwa nilipoanza kutibiwa. Nilijaribu kumweleza mama jambo hilo. Akasema, "Kunywa uji."

Chuo kikuu tulifundishwa kuandika milinganyo ya vitu vinavyokua na kupungua: watu katika mji, samaki katika bwawa, wadudu katika ghala. Tuliiita modeli. Siku moja, nikiwa nimelala mchana baada ya dripu, nilitafuta kwenye simu nikakuta kwamba wako wataalamu wanaoandika milinganyo ya namna hiyohiyo kwa ajili ya saratani ya matiti: jinsi inavyokua, jinsi inavyosinyaa mbele ya dawa, na wakati gani inaweza kurudi. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Mambo ya hospitali yote yalikuwa katika lugha ya watu wengine, na hili peke yake lilikuwa katika lugha yangu.

Basi kila Ijumaa nilijifungia chumbani, nikaupima uvimbe, nikaweka nukta kwenye karatasi ya grafu. Milimita arobaini na moja. Thelathini na tatu. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Nukta zilishuka kwa utaratibu mzuri kiasi kwamba nilianza kuisubiri Ijumaa kwa hamu. Nilitafuta mlinganyo unaozipitia, nikaupata, na nukta ya wiki iliyofuata ikaangukia pale nilipotabiri. Sijui kama nitaweza kumweleza asiye mwalimu wa hisabati raha niliyoipata. Kwa mara ya kwanza tangu masika nilijua jambo kabla halijatokea.

Mama hakuipenda kazi ile. "Usilipimepime," alisema. "Kila siku unaliita jina lake, litakuitika."

Kwenye benchi la kusubiri kemo daftari langu lilijulikana. Alikuwapo mama mmoja wa makamo kutoka Songo Mnara, Bi Arafa, ambaye tarehe zake za dripu zilifanana na zangu. Alivuka maji, akapanda basi, akafika Dar es Salaam amechoka kuliko sisi sote, na bado yeye ndiye aliyekuwa akituchekesha.

"Unaandika nini humo, binti? Majina yetu?"

"Shikamoo, bibi. Naandika ukubwa wa uvimbe wangu."

"Marahaba. Wangu andika embe."

"Embe gani?" aliuliza mwanamke wa pembeni.

"Embe dodo, mwenzangu, kwani mie nina kitu kidogo? Lakini tangu dripu ya pili limekuwa kama lililosahauliwa chini ya kitanda. Limesinyaa."

Benchi zima lilicheka. Muuguzi akachungulia mlangoni, akatuambia tukumbuke hapa ni hospitali.

"Tunakumbuka, mwanangu," Bi Arafa akajibu. "Ungeona harusini tunavyocheka."

Muuguzi huyohuyo alikuwa na desturi ya kufikicha viganja vyake kabla ya kutushika mkono kutafuta mshipa, ili visiwe vya baridi. Hakuna aliyemwagiza. Ninapoulizwa ni nini kilichonisaidia, viganja vile ndivyo vinavyonijia kwanza.

Wiki moja baada ya dripu ya sita, Ijumaa, nilijilaza chali, nikatafuta uvimbe kwa vidole kama kawaida ili niubane kwa kalipa, nikaukosa. Nilitafuta tena. Niligeuka upande, nikainua mkono, nikatafuta kwa mkono mwingine. Nyama ilikuwa laini pote. Nilikaa kitandani nikalia kwa furaha, kisha nikachukua kalamu, na katika safu ya wiki ile nikaandika: 0.

Mlinganyo wangu haukuwa na sifuri. Mstari wa namna ile hushuka, hukaribia, huendelea kukaribia, na haugusi kamwe. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayeugusisha na mhimili namkata alama. Kwa hesabu yangu mwenyewe, wiki ile palipaswa kuwa na kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele. Niliiona tofauti hiyo. Niliitazama. Nikajiambia kwamba vidole vyangu vilikuwa ushahidi na mlinganyo ulikuwa makisio tu.

Tarehe ya upasuaji ilikuwa mwezi wa kumi, na kabla yake palikuwa na kikao cha ukoo. Kwetu, jambo zito la mtoto wa dada huamuliwa na mjomba. Hospitali walihitaji saini yangu peke yangu, na ningeweza kuitia nikamaliza. Lakini chuoni nilikuwa mtu wa kutetea kwamba msomi anayewaruka wazee wake kwa sababu ana cheti hajaelimika, amejitenga tu. Niliamini, na kwa sehemu kubwa bado naamini, kwamba watu wakionyeshwa ushahidi kwa heshima wataamua vyema. Kwa hiyo nilikwenda Nyangamara na karatasi yangu ya grafu. Nilikusudia kuwaonyesha kwamba dawa za hospitali zinafanya kazi, ili waiamini hospitali na katika lile la kukata.

Tulikaa barazani kwa Mjomba Hassani, kaka mkubwa wa mama. Mikorosho ilikuwa imeanza kudondosha. Nikaitandaza karatasi juu ya mkeka. Mjomba akavaa miwani, akainama.

"Huu mstari ndio ugonjwa?"

"Ndiyo, mjomba. Huku ni mwezi wa saba, huku ni juzi."

"Na unateremka."

"Unateremka. Dawa inafanya kazi, ndiyo sababu madaktari—"

"Ngoja, Mwalimu, usinikimbize, mie nimeishia la tano. Hapa chini kabisa umeandika nini?"

"Sifuri."

"Sifuri ni hakuna."

"Ndiyo."

Aliinua macho. "Hakuna kabisa, au hakuna ya yule bwana shamba?"

Wote walicheka. Bwana shamba mmoja alipita mwaka fulani akatangaza kwamba hakuna ubwiri, yaani ule ugonjwa wa unga mweupe unaoua maua ya mikorosho; na wiki mbili baadaye mashamba yalikuwa meusi kama yaliyoungua. Hata mimi nilicheka. Nimekirudia kicheko kile mara nyingi, kwa sababu mzee aliyeishia darasa la tano alikuwa ameniuliza swali ambalo mtahini wangu wa chuo kikuu angeliuliza. Alinifungulia mlango. Ningeweza kusema: mjomba, nimekosa kukihisi, na kukosa kukihisi si hakuna.

"Hakuna kabisa," nilisema.

"Basi wanakata nini?"

Nilikuwa na jibu la daktari, kwamba dawa husinyaza na kisu ndicho kinachoondoa mabaki; nililikumbuka neno kwa neno, na lilionekana dogo sana kando ya karatasi yangu.

"Mie," mjomba akaendelea, "nikipuliza salfa ubwiri ukakauka, sichukui panga nikaangusha mkorosho. Naungoja niuone. Huyu mtoto hana nguvu, hajaolewa, mama yake ndiye wa kumuuguza na korosho ziko chini. Msimu uishe. Ukiisha tutaliangalia tena."

Mama alishukuru Mungu kwa sauti. Shangazi mmoja akanikumbatia. Na mimi nilifurahi. Nalisema hili wazi, kwa sababu ningeweza kuiandika habari hii kana kwamba wazee walinizuia. Nilikuja kuwashawishi wakubali nikatwe titi, wakakataa, na kifua changu kikawa chepesi.

Hospitali walinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza nilisema kuna shughuli ya kifamilia. Mara ya pili muuguzi aliniambia, "Mwalimu, usichelewe," nami nikaahidi.

Miezi ile nilikuwa mzima. Nywele zikaota, laini kama za mtoto. Ladha ya ugali ikarudi. Wakati wa likizo niliokota korosho pamoja na mama, nikazitenganisha na mabibo, mikono ikawa na madoa ya utomvu, nikala nikashiba, nikalala. Kama mtu angenisimamisha njiani akaniuliza ni nani katika Nyangamara asiye na maradhi, ningejitaja.

Baada ya Krismasi nilikuwa nageuza korosho juani, nikapitisha mkono chini ya gauni kujikuna, na vidole vikasimama. Palepale. Kidogo, kigumu, kimetulia.

Sikumwambia mtu. Kalipa ilikuwa Kilwa, nikapima kwa rula: milimita tisa. Baada ya siku kumi na nne zikawa kumi na tatu. Nilichukua nukta hizo mbili, nikauandika upya mlinganyo kwa ajili ya kitu kinachokua, kisha nikaurudisha mstari nyuma wiki kwa wiki, ili nijue ulianzia wapi. Haukuanzia mahali. Nukta mbili hazithibitishi neno, nalijua hilo; lakini mstari ulipita Desemba, ukapita Novemba, ukapita chini ya siku ya kikao, mdogo kuliko kinachoweza kuhisiwa na kidole cha mtu yeyote, ukaungana na ule uliokuwa ukiteremka. Nilipokuwa nikisema hakuna kabisa, kilikuwapo. Kilikuwa kimekaa nasi barazani.

Nilimwendea mjomba peke yangu asubuhi, akiwa anafunga magunia. Sikubeba karatasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona uso umekushuka?"

"Kimerudi. Na nadhani hakikuondoka. Uliniuliza swali siku ile nikakujibu nisilolijua."

Aliendelea kuvuta kamba ya gunia mpaka fundo likakaza. "Kikao nitakiita lini?"

"Sikuja kuomba kikao, mjomba. Nimekuja kukuaga. Nakwenda kukatwa."

Sikuwa nimewahi kuzungumza hivyo na mtu mzima yeyote, na niliyaona yote niliyoyatetea chuoni yakianguka pale kwenye vumbi la korosho. Mjomba alilipanga gunia juu ya mengine.

"Mama yako ana homa," alisema. "Nani atakusindikiza?"

"Nitakwenda mwenyewe."

"Kwenda mwenyewe ndiyo kitu gani? Basi la Mingoyo, la kutuunganisha na la Dar es Salaam, linapita saa ngapi?"

Hivyo ndivyo Mjomba Hassani alivyokuja kuketi kwenye benchi la kliniki ya matiti, kanzu na kofia, mwanamume peke yake kati ya wanawake ishirini. Bi Arafa, ambaye alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji na alikuja kuangaliwa kovu, hakumwacha apumue.

"Mzee, na wewe una ziwa?"

"Nimekuja na mpwa wangu."

"Aa. Basi mshikie pochi. Wenzio huku ndiyo kazi yao."

Akaishika pochi yangu. Aliishika kwa mikono miwili, juu ya magoti, tangu asubuhi hadi alasiri.

Daktari aliipitia karatasi yangu ya grafu kwa makini, wala hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Aliteremsha kidole chake juu ya nukta moja moja, akafika chini.

"Hii sifuri umeipata wapi?"

"Sikuhisi kitu, daktari."

"Basi ungeandika kwamba hukuhisi kitu."

Alinipa fomu, nikatia saini. Kabla sijatoka nilimuuliza kama kazi ile ya kuchora mistari ni upuuzi. Alisema si upuuzi, wako wanaoifanya kwa vipimo vya wagonjwa wengi sana na kwa mashine zinazoona kile ambacho vidole havioni, na hata hao hubishana. "Wewe ulikuwa mgonjwa mmoja mwenye rula," alisema, "na ulikuwa unamtakia mema mgonjwa wako."

Walinikata mwezi wa pili, mvua ikinyesha mfululizo. Niliamka na mrija umetoka ubavuni, umeunganishwa na chupa inayojaa maji mekundu, ambayo nilipaswa kuibeba kila niendako kama mtoto mchanga. Mkono wa kushoto haukupanda zaidi ya bega. Mama alipona homa akaja. Siku bandeji ilipofunguliwa alitazama kifua changu chote, upande uliopo na usiokuwapo, akachovya kitambaa katika maji ya vuguvugu na kuanza kunifuta pembeni mwa kovu, akiuimba polepole wimbo wa kunyonyeshea. Nadhani hakujua kama anaimba. Mimi niligeukia ukutani.

Mpaka leo mwili wangu haujaielewa habari hii. Hujipinda kulilinda titi ambalo halipo. Mara nyingine linawasha.

Kipimo cha nyama iliyotolewa kilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umefika kwenye baadhi ya tezi za kwapani. Nilimuuliza daktari kama zilikuwa nao mwezi wa kumi, siku niliyopaswa kufika. Nilitaka kujua ile miezi minne ilinigharimu nini.

"Sijui," alisema. "Na yeyote atakayekwambia anajua, usimwamini."

Alinieleza pia uwezekano wa ugonjwa kurudi, kwa kutaja ni wangapi kati ya wanawake wenye hali kama yangu. Idadi hiyo siiandiki, kwa sababu nimeona jinsi ninavyoandika nambari. Nimeifikiria katika kila wiki ya mionzi, kipupwe kizima, nikiwa nimelala chini ya mashine, mkono umeinuliwa. Naelewa maana yake kwa wanawake mia. Kwa mwanamke mmoja sielewi maana yake hata kidogo. Siwezi kuugua nusu. Ama nitaugua, ama sitaugua, na nambari ile inabaki palepale ilipo, haijui hata jina langu.

Na Mjomba Hassani nimegombana naye, ugomvi ambao haujaisha. Alikuja kuniona Kilwa akakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya walimu.

"Mie ndiye niliyesema ngoja," alisema.

"Mimi ndiye niliyesema hakuna, mjomba."

"Wewe mtoto."

"Mimi mwalimu. Uliniuliza sawasawa."

"Mkubwa ndiye anayebeba."

"Na mwenye kujua je?"

Akakasirika kweli. Alisema nataka kumnyang'anya hata kosa lake. Alikunywa chai, akaondoka, na juma lililofuata akaniletea korosho za kubangua za kutosha shule nzima. Sijui hadi leo kosa ni la nani. Kuna siku nalitaka lote liwe langu, kwa sababu likiwa langu angalau litakuwa na mwenyewe.

Wewe uliye kwenye benchi, sitakwambia usiwasikilize wazee wako; mmoja wao aliishika pochi yangu kutwa nzima. Wala sitakwambia uache kuuliza, kupima na kutaka kuelewa. Mpango wako ukiwa na hatua tatu, uzimalize tatu. Ukipata nafuu baada ya ya kwanza, furahi, pika, cheka, kisha uende tarehe yako. Na ukiulizwa jambo ambalo mkono wako haukulifikia, sema haukulifikia, hata kama wanaokuuliza wamekutazama kwa matumaini. Hasa wakikutazama hivyo.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyangamara. Mama ana shamba la mpunga ng'ambo ya mto, mbali, ambako watu huhamia masika yote na kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mazao, mpaka mavuno. Simu huko hazishiki mtandao. Masika yaliyopita hakulima kwa sababu yangu. Nilimkuta uani, ametandika kanga, mbegu ziko mbele yake katika ndoo.

"Mwanangu, niambie ukweli. Nikihamia kule sitasikia lolote. Nihamie, nisihamie?"

Niliketi. Nilitafuta katika yote niliyosoma na yote niliyopimwa.

"Sijui kama nitaumwa, mama."

"Hilo sikukuuliza. Limo katika kazi ya Mungu. Nimekuuliza, nihamie?"

Kuku alipita karibu na ndoo, mama akamfukuza. Nilitazama mikono yake ilivyosimama juu ya mbegu, ikingoja, na nikaona kwamba ingengoja hivyo mwaka huu, na mwakani, na mwaka unaofuata, ikiwa nitangoja kwanza nijue.

"Hamia," nilisema.

"Na wewe?"

"Likizo nitakuja. Lakini jembe siliwezi, wamenikataza mkono huu."

"Nani amekupa jembe? Kule ngedere wanafukuzwa kwa mdomo, na mdomo hawakuukata."

Akachukua kibaba, akaanza kupima mbegu na kuzimimina katika mfuko, akihesabu kimyakimya hadi zikatimia za eneo lake lote analolima kila mwaka. Nilidhani amemaliza. Akachota tena, akakisawazisha kibaba kwa kiganja, akamimina.

"Hiki chako," alisema, akaufunga mfuko.